Rejeta ya hita inavuja, na kiyoyozi kimekaa njiani

Kwa Mshauri wa magari,

Salamu kutoka Lang'ata. Ninaendesha Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, lile umbo ambalo wapenzi wa magari ya zamani huliita W123. Marehemu baba yangu alilinunua likiwa jipya, akalitunza kwa mkono wake mwenyewe, na alipotutoka mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo. Kiyoyozi chake bado kinafanya kazi, jambo ambalo baba alijivunia sana, nami sitaki kiharibikie mikononi mwangu.

Tangu mwezi wa Mei nimekuwa nikisikia harufu tamutamu ndani ya gari kila ninapowasha hewa ya moto, na kioo cha mbele hushika ukungu wenye mafuta ambao haufutiki kwa kitambaa kikavu. Kapeti ya upande wa abiria imelowa, na kila wiki ninaongeza karibu nusu lita ya maji kwenye rejeta ingawa chini ya injini hakuna tone linalodondoka. Siku ninazotumia kiyoyozi kwenye foleni ya Mombasa Road, kapeti huwa imelowa zaidi. Jambo linalonisumbua kuliko yote ni kwamba kila Jumamosi huwa ninampeleka mama Limuru, na asubuhi za Julai huko ukungu ni mzito hata ninalazimika kusimama kando ya barabara ili nifute kioo. Mama hukohoa njia nzima.

Nimewaendea mafundi watatu. Wa kwanza ameniambia akate mipira miwili ya hita na kuiunganisha, kwa kuwa Nairobi haina baridi ya kumtesa mtu. Wa pili anasema rejeta ya hita ibadilishwe, ila dashibodi nzima itolewe, na gesi ya kiyoyozi aiachilie hewani kisha tujaze nyingine baadaye. Wa tatu anadai kwamba anaweza kukata plastiki chini ya dashibodi, achomoe rejeta kupitia hapo, na kunirudishia gari jioni hiyohiyo bila kugusa kiyoyozi. Binamu yangu naye ananisihi nimwage ile dawa ya kuziba matundu. Nimfuate nani? Na je, ni kweli kwamba siwezi kutengeneza hita bila kupoteza gesi ya kiyoyozi?

Msomaji wa Lang'ata

*

Dada mpendwa,

Pole kwa kuondokewa na mzee, na pole kwa adha hii. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Ndiyo, gesi ya kiyoyozi haina budi kutolewa. Katika gari lako rejeta ya hita na evaporeta ya kiyoyozi zimewekwa ndani ya kisanduku kimoja nyuma ya dashibodi. Hewa inayosukumwa na feni hupita kwanza kwenye evaporeta, ambako hupozwa na kukaushwa, kisha hufika kwenye rejeta ya hita, ambako hupashwa moto kwa kiasi unachotaka. Kisanduku hicho hakiwezi kutoka mahali pake mpaka mabomba ya gesi yanayopenya ukuta wa injini yafunguliwe. Kwa hiyo fundi wa pili amesema kweli kuhusu dashibodi, na amesema kweli kuhusu mabomba, lakini amekosea vibaya kuhusu namna ya kuitoa gesi yenyewe. Nitalirudia hilo.

Kabla mtu yeyote hajagusa skurubu hata moja, nakuomba uhakikishe ni nini hasa kinacholowesha kapeti, kwa sababu maelezo yako yananifanya nishuku kwamba una uvujaji wa aina mbili. Kiyoyozi kinapofanya kazi, unyevu wa hewa huganda kuwa matone juu ya evaporeta, na matone hayo yanapaswa kutiririka nje, chini ya gari, kupitia mipira midogo. Mipira hiyo ikizibwa na vumbi na majani makavu, maji hurudi ndani na kumwagika kwenye kapeti. Maji hayo ni safi, hayana harufu wala utelezi, na huonekana siku za kiyoyozi peke yake. Maji ya rejeta, yaani mchanganyiko wenye glaikoli (ile dawa inayozuia maji kuganda na kuchemka upesi), huteleza kati ya vidole kama sabuni, hunukia utamu, na mara nyingi huwa na rangi. Weka karatasi nyeupe ya jikoni chini ya kapeti, usiku mmoja baada ya kutumia hita peke yake na usiku mwingine baada ya kutumia kiyoyozi peke yake, kisha uzilinganishe. Usiyaonje hata kidogo. Glaikoli ni sumu inayoharibu figo, na utamu wake huwavutia mbwa, paka na watoto wadogo, kwa hiyo dimbwi lolote ulioshe kwa maji mengi.

Kipimo cha pili ni cha pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Injini ikiwa baridi, fundi asukume shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, ambacho kwa magari ya umri huu huwa karibu na bar 1, kisha aitazame sindano kwa robo saa. Ikishuka, abane mipira miwili ya hita kwa vibanio, arudie. Ikiwa sasa sindano imetulia, uvujaji uko upande wa hita bila shaka yoyote. Ikiendelea kushuka, mtafute mwizi kwingine, kwenye pampu ya maji au kwenye gasketi ya silinda hedi, na dashibodi iachwe ilipo. Nimeona dashibodi zikitolewa bure kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya robo saa hiyo, na inauma, kwa kuwa plastiki ya miaka arobaini hairudi ilivyokuwa.

Nikiamini kwamba vipimo vitathibitisha hita, nieleze kwa nini ushauri ule mwingine haufai. Kuunganisha mipira kama alivyopendekeza fundi wa kwanza ni msaada wa muda, nami ningekushauri ufanye hivyo leo hii ili mama aache kuvuta mvuke ule wakati ukisubiri vipuri. Iunganishwe kwa mpira mmoja mzuri na klipu mbili. Isizibwe kwa bolti, kwa sababu baadhi ya injini hutegemea mzunguko huo ili maji yatembee kabla ya thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, kufunguka. Kwa sasa kiyoyozi kitakusaidia na ukungu wa kioo, maana hukausha hewa hata pale unapodhani kazi yake ni kupoza tu. Hata hivyo usikubali iwe ndiyo tiba ya kudumu. Asubuhi ya Julai Limuru, kioo husafishwa vizuri na hewa iliyokaushwa kwanza na evaporeta kisha ikapashwa moto na hita, viungo viwili vikifanya kazi pamoja kama watengenezaji walivyokusudia. Anayekwambia Nairobi haihitaji hita hajawahi kupanda Limuru alfajiri akiwa na mzazi ndani ya gari.

Dawa ya kuziba matundu haina macho. Itaziba tundu la rejeta ya hita na vilevile vijia vyembamba vya rejeta kubwa, na utakuwa umebadilisha tatizo la kapeti kwa tatizo la injini inayochemka. Kuhusu fundi wa tatu, naomba umshukuru na uondoke. Kisanduku kilichokatwa hakifungiki tena sawasawa. Hewa itapotea kabla ya kufika kwenye kioo, mlio utaanza chini ya dashibodi, na siku evaporeta itakapohitaji kubadilishwa, mwenye gari ndiye atakayelipia kisanduku kizima ambacho hakitengenezwi kila siku.

Sasa turudi kwenye gesi. Magari ya mwaka 1983 yalitoka kiwandani na gesi ya R12, ambayo ndiyo mojawapo ya gesi zilizotoboa tabaka la ozoni na zilizopigwa marufuku hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilifikia kikomo chake mwaka 2010. Kwa kuwa kiyoyozi chako bado kinapoza, huenda mzee alikwisha kukigeuza kitumie R134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Utajua kwa kutazama midomo ya kujazia gesi kwenye mabomba: ya R12 ina nyuzi za kukaza kama bolti, ilhali ya R134a ni ya kubonyeza na kunasa, na ule wa shinikizo kubwa ni mnene kuliko ule wa shinikizo dogo. Tafuta pia kibandiko ndani ya boneti. Iwe ni ipi, isiachiliwe hewani. R134a haigusi ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kwa kiasi kinachozidi mara 1,300 kile cha kilo moja ya hewa ya ukaa, na R12 ni mbaya zaidi kwa yote mawili. Aidha, R12 ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa hewa ya sumu, na katika gereji zetu nyingi mtu huchomelea hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Mtafute fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi na kuihifadhi kwenye mtungi. Wapo Nairobi, na ndio hao hao watakaoijaza upya kwa mizani. Akikutajia gesi ya kupikia kama njia rahisi, kataa hapo hapo. Evaporeta iko ndani ya chumba mnamokaa, na gesi inayowaka ikivuja humo, cheche moja ya swichi inatosha.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: dashibodi isitoke mpaka vipuri vyote viko mezani. Gharama kubwa ya kazi hii ni saa za mikono, na rejeta yenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu. Kwa hiyo kila kilicho ndani ya kisanduku kiulizwe kama kitavumilia miaka mingine ishirini. Orodha yangu inaanza na rejeta mpya ya hita na oringi zake (pete za mpira za kuziba viungo), mipira yote ya hita, na vali inayoruhusu maji ya moto. Halafu yapo yale makopo madogo ya vakyumu, yaani yanayoendeshwa kwa nguvu ya kunyonya hewa, yanayofungua na kufunga vibao vya hewa. Diaframu zake za mpira hupasuka kwa uzee, na ndiyo sababu katika magari mengi ya aina hii hewa haitoki pale unapoielekeza. Yabadilishe yote, hata yale yanayoonekana mazima. Sponji zilizobandikwa kwenye vibao huwa zimekuwa unga, na feni inayolia itolewe ihudumiwe. Upande wa kiyoyozi, nunua draya mpya (kopo linalonyonya unyevu ndani ya mfumo), vali ya kupanulia gesi na oringi za kila kiungo kitakachofunguliwa. Evaporeta ikaguliwe, ijazwe naitrojeni na kuzamishwa majini. Ikitoa kiputo kimoja, ibadilishwe sasa. Ukikosa rejeta mpya ya hita katika maduka ya Kirinyaga Road, agiza nje kwa kutumia nambari ya kipuri, ukieleza kwamba gari lako lina kiyoyozi na usukani uko kulia, maana hapo ndipo watu huletewa kisicholingana. Ikiwa ya zamani ni ya shaba, yupo fundi wa rejeta wa Kariobangi anayeweza kuifuma upya kwa ustadi mkubwa, nami sioni aibu kuliamini jiko lake la risasi, mradi aipime kwa shinikizo mbele ya macho yako.

Kuhusu kufungua, nitasema machache kwa kuwa hutafanya wewe mwenyewe, lakini simama karibu. Betri ikatwe kwanza. Gari lipigwe jua la saa tano kabla ya kuanza, kwa sababu plastiki iliyopata joto hujipinda mahali ambapo plastiki ya asubuhi baridi huvunjika. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, kila mpira mwembamba wa vakyumu ubandikwe karatasi yenye jina lake, na skurubu za kila sehemu zikae kwenye chupa yake. Mabomba ya gesi yakifunguka tu, yazibwe kwa vifuniko papo hapo. Unyevu ukiingia huungana na gesi na mafuta, ukazaa asidi inayokula kompresa kutoka ndani, na ndio maana draya haitumiki tena baada ya mfumo kufunguliwa. Fundi makini aliyewahi kuifanya kazi hii atahitaji siku tatu. Mgeni mwenye uangalifu mpe wiki.

Kisanduku kikisharudi mahali pake, na kabla dashibodi haijagusa gari, jaza maji, washa injini, acha ipate moto, na uangalie viungo vya hita kwa tochi. Ni wakati huohuo fundi wa gesi apime upande wake kwa naitrojeni, kisha avute vakyumu kwa muda usiopungua nusu saa. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Vitabu vilivyoandikwa kwa miji ya pwani husema geji ifike inchi 29 za zebaki, na fundi asiyejua akiona haifiki hudhani kuna tundu, akaanza kufungua upya. Geji hiyo hupima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje, na hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi. Pampu ileile inayoonyesha 29 ikiwa Mombasa itaonyesha kama 24 hapa, na hiyo ndiyo vakyumu kamili. Kinachotafutwa ni kwamba sindano isirudi baada ya pampu kuzimwa. Ikiwa mfumo ulikuwa wa R12 na sasa unageuzwa, mafuta ya zamani ya madini ya kulainisha kompresa yatolewe, yawekwe ya esta, kwa sababu yale ya zamani hayachanganyiki na R134a na kompresa itabaki kavu. Gesi yenyewe ijazwe pungufu: kibandiko kikisema kilo 1, anza na gramu 800 na usizidi 900.

Sasa maji. Rejeta za hita nyingi jijini hufa kwa sababu ya maji ya bomba yanayoongezwa mwaka baada ya mwaka bila dawa ya kuzuia kutu, na nusu lita zako za kila wiki, nasema kwa upendo, zimekuwa zikiiharakisha kutu hiyo. Mfumo wote usafishwe kwa kusukuma maji kinyume na mkondo wake kabla ya rejeta mpya kufungwa, ili uchafu wa zamani usihamie humo. Kisha ujazwe nusu glaikoli na nusu maji yaliyosafishwa. Usisikilize wanaosema glaikoli ni ya nchi za theluji. Kwa kimo chetu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na mchanganyiko pamoja na kifuniko kizima ndivyo vinavyokupa nafasi ya kupumua kwenye foleni. Wakati wa kujaza, pua ya gari ielekee mlimani kidogo na hita iwe imefunguliwa hadi mwisho, ili hewa iliyonaswa itoke. Utajua imetoka pale mipira yote miwili itakapokuwa na joto linalolingana.

Kapeti na godoro la chini yake vitolewe, vioshwe kwa maji na sabuni, vianikwe juani siku mbili, na bati la sakafu likaguliwe kutu kabla ya kuvirudisha. Kioo cha mbele kioshwe kwa ndani kwa sabuni ya vyombo mara mbili, kisha kwa spiriti, kwa kuwa utando ule wa glaikoli utaendelea kushika ukungu hata baada ya uvujaji kukoma, nawe utadhani kazi haikufaulu.

Jumamosi ya kwanza nenda Limuru peke yako, mama mwache apumzike. Washa hita na kiyoyozi kwa pamoja, hewa ielekee kwenye kioo. Ukirudi, acha injini ipoe usiku kucha, uangalie kiwango cha maji asubuhi na uweke alama. Kushuka kidogo mara ya kwanza ni hewa iliyobaki ikitafuta njia. Kikishuka tena baada ya safari ya pili, rudisha gari kwa fundi na ile pampu ya mkono. Kikikaa palepale na karatasi nyeupe chini ya kapeti ikabaki kavu, Jumamosi inayofuata mchukue mama.